Aliyegusa Amecheza

Uvira, tarehe 9 Machi 1964

Kwako mdogo wangu mpenzi Capitoline, hapo nyumbani Runingu,

Pokea salamu zangu kwa sauti ya Mwalimu Thaddée, ambaye najua ameketi karibu nawe na miwani yake imeshukia puani. U hali gani? Kile kikohozi cha masika kimepoa? Na mguu wa Mama? Baba amemaliza palizi ya pamba, ama bado anagombana na majani? Minye niko mzima, namshukuru Mungu, ila tumbo linanisumbua kila nikila visamaki vya ndagala vya jana, na sijifunzi.

Mwalimu Thaddée, kabla hujaendelea, nina maombi mawili. La kwanza, ndani ya bahasha kuna kifurushi kidogo cha kitambaa. Mpe Capitoline akishike mkononi, asikifungue mpaka mwisho. La pili, barua ya Noeli uliruka habari za pombe kwenye arusi ya Honorine. Capitoline alijua, maana alisikia karatasi inageuka mapema mno. Nilicheka sana nilipoambiwa. Lakini hii usiruke hata neno, na Baba awe amekaa hapo anasikia. Kama yuko shambani, mngojeeni.

Sasa, mdogo wangu, nikueleze kazi ninayofanya siku hizi. Najua utakuwa na maswali mengi, na minye nimeuliza mengi kuliko weye.

Mwaka jana, siku chache kabla ya sikukuu ya Uhuru, nilibandika mlangoni mwa biro ya sité, ofisi ya mji wetu, karatasi ya michezo: mpira, mbio za baiskeli, kuvuta kamba, kukimbia ndani ya gunia. Akaja Norbert. Huyu alikuwa mpakizi bandarini Kalundu mpaka siku mbao zilipomwangukia zikamharibu mguu. Sasa anatembea kwa magongo mawili na ulimi mkali. Hajui kusoma. Aliniomba nimsomee karatasi yote, nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akauliza, kwa upole ambao si desturi yake, mstari wake ni upi. Nilitafuta kweli, Capitoline. Nilipitisha kidole juu ya karatasi niliyoiandika mwenyewe kana kwamba ningeukuta. Shefu wa sité alikuwa ndani anasikia. Akatoka akasema kwamba kwa kuwa minye ndiye sekretere na ndiye niliyesoma, basi minye ndiye nimtafutie mtu huyu mstari.

Hivyo ndivyo tulivyopewa fwaye, ile nyumba ambamo wakati wa Wabelgiji wanawake walifundishwa kushona. Vyerehani vimekwenda, madirisha yamebaki. Baraza la sité lilikubali kwamba kila Jumamosi mchana iwe nyumba ya michezo kwa vilema, vipofu na viziwi wa Uvira. Sité inatoa nyumba, mikeka, maji ya kunywa, na minye. Nilipewa fomu nizunguke nayo mitaani: jina, mtaa, ugonjwa. Nilipofika nyumba ya tatu niliona kwamba ile ni karatasi ya hospitali, si ya michezo. Nikachora kwa kalamu safu nyingine pembeni, nikaandika juu yake: anapenda nini.

Majibu yananishangaza mpaka leo. Mama mmoja asiyetembea alisema anataka kupelekwa ziwani kwa mtumbwi, maana amepika samaki miaka arobaini na hajaona wanakotoka. Tukampeleka. Tulipokuwa majini akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba milima ya ng'ambo inaonekana hivyo. Kijana kiziwi wa Kalundu alionyesha kwa mikono kwamba anataka ngoma. Nilidhani hatukuelewana. Alipofika fwaye alilala kifudifudi juu ya sakafu ya mbao, mtu akapiga ngoma karibu na kichwa chake, naye akaanza kucheka. Kisha akaamka akapiga yale yale, hakukosea. Nilivua viatu nami nikalala pale sakafuni, nijue anasikia nini. Weye unanijua.

Lakini kuna nyumba walizoniambia hapa hatuna mtu wa namna hiyo, na nyuma ya pazia mtu anakohoa. Sikuwagombeza. Nilijua inavyofanyika.

Sasa nifike kwa Pélagie. Anauza ndagala kavu kando ya mto Mulongwe, mtu mzima, na haoni tangu surua ya utotoni. Nilipomuuliza anapenda nini, alisema kisoro, bao letu la mbegu. Nilimkumbusha kwamba kisoro ni mchezo wa wanaume. Alijibu kwamba ubao haujawahi kumuuliza. Basi Jumamosi akaja, akakaa mbele ya Norbert, na kabla ya kucheza akapitisha vidole ndani ya mashimo, mstari kwa mstari, upande wake na upande wa mwenzake, mbegu zote sitini na nne. Norbert akapiga gongo lake chini. Akasema sheria ya kisoro ni moja tangu babu zetu: aliyegusa amecheza. Ukitia kidole ndani ya shimo, hilo ndilo shimo lako, chezea hapo. Pélagie alikuwa amegusa yote.

Iko mambo ya kuchekesha ukiyasikia kwa mbali, lakini pale hakuna aliyecheka. Watu waligawanyika. Wasioona walisema hawarudi tena. Wale wa magongo walisema kama sheria inalegezwa kwa mmoja, basi si mchezo tena, ni sadaka, na wao hawakuja kuomba sadaka. Kila upande uliniambia niamue, na minye nikasema nitaamua wiki ijayo, jibu la sekretere yeyote asiyejua.

Ile wiki sikulala vizuri kwa kutaka kujua. Saa sita mchana, biro ikifungwa, nilikwenda kwa Pélagie na ubao, nikajifunga kitambaa machoni, tukacheza. Nilishindwa kabla ndagala zake hazijapata mnunuzi wa pili. Vidole vyangu vilihesabu tatu, nikafika shimo la mbele nimekwisha kusahau la nyuma. Nikamuuliza yeye anafanyaje kukumbuka kwa kugusa. Akaniambia hagusi ili akumbuke. Ubao wote anao kichwani, kila mbegu tangu mwanzo, mradi mwenzake ataje kwa sauti anachocheza. Nikauliza, sasa anagusa kwa nini? Akasema hagusi kwa kujua mbegu, anagusa kwa kujua mtu anayecheza naye.

Mdogo wangu, niliinuka niende zangu nikiwa bado na kitambaa machoni. Pélagie aliniuliza kama ninaumwa.

Jumamosi iliyofuata nilileta sheria nimeiandika kwa mashine, na muhuri wa sité chini: asiyeona atagusa mashimo yote kabla ya zamu yake, na haitahesabiwa kuwa amecheza mpaka aokote, na mwenzake atataja kwa sauti kila anachofanya. Norbert alikataa. Sikubishana naye, nilimpa kitambaa tu. Alicheza na Pélagie akiwa amefungwa macho, na watu wamemzunguka, na baada ya muda mfupi tukaona mkono wake unaanza kuingia mashimoni wenyewe, unatafuta. Alipogundua alichokuwa anafanya, alivua kitambaa akatukana kidogo. Mwalimu, tusi lenyewe sikuliandika, usilitafute. Siku hizi yeye ndiye anayetaja michezo kwa sauti, na akimwona mtu ananong'ona badala ya kutaja, anamnyooshea gongo.

Habari za vurugu huko bondeni mnazijua kuliko sisi. Hapa mjini askari wanaongezeka na wanatafuta pa kulala, na fwaye ina paa zuri. Administratere wa teritwari, mkubwa wa wilaya nzima, atakuja Jumamosi tarehe 21, kesho yake ni Jumapili ya Matawi, aone kwa macho yake kama nyumba hii ina kazi ama ni ya bure. Shefu amesema tumwonyeshe watu wanacheza, tusimwonyeshe hotuba. Kutakuwa na ngoma, na kutakuwa na meza sita za kisoro. Watu kumi na wawili. Nimeandika majina kumi na moja. Mstari wa kumi na mbili hauna jina, na si kwa kukosa watu.

Sasa Mwalimu, soma polepole. Hapa ndipo nilipokuombea usiruke.

Capitoline, unaikumbuka siku ile baada ya mavuno ya pamba, mbele ya ghala, weye una miaka kumi na moja na minye kumi na minne? Ulikuwa umemshinda mjomba, ukanishinda minye mara mbili, na wajomba wote wanacheka kwamba mtoto wa kike asiyeona amenikalisha chini. Mara ya tatu nilisema aliyegusa amecheza, hata kipofu. Ulikubali bila kubisha. Ulisema tutaje tu kwa sauti, ubao unao kichwani. Nilidhani unajisifu. Baada ya muda nikaona ni kweli, na ninashindwa tena. Ndipo padri akapita na pikipiki barabarani, na wote wakageuka kumpungia mkono, na Baba pia. Niliingiza mkono kwenye shimo lako la pembeni nikatoa mbegu mbili.

Zamu yako ikafika. Uliokota, ukasimama. Ulisema hapa palikuwa na tano. Nilisema palikuwa na tatu. Ulisema tena, palikuwa na tano, na sauti yako ilikuwa imebadilika. Watu wakacheka. Baba alisema, si kwa ubaya, kwamba basi, huu si mchezo wako, mwanangu, kichwa kinakuchanganya. Ubao ukapandishwa darini, na nadhani uko huko mpaka leo.

Lakini si ubao tu. Tangu siku ile ukisema jambo hapo nyumbani, mtu humuuliza mwenye macho kama ni kweli. Ukisema mbuzi ametoka, mtoto anatumwa akaangalie. Ukisema mgeni alikuja ukiwa peke yako, wanauliza majirani. Miaka kumi na miwili nimeona hivyo, nami ndiye niliyefanya. Nilipokuwa natembea mtaani na fomu, nikiandika majina ya watu waliofichwa nyuma ya pazia, hakuna nyumba niliyoifahamu kama yetu.

Capitoline, zilikuwa tano. Baba, zilikuwa tano, na mtoto wako hakukosea hata mbegu moja. Ningeweza kungoja nije nikwambie weye peke yako kwa sauti ndogo, Capitoline, lakini nilikudanganya mbele ya watu, na ndiyo maana nimetaka isomwe mbele ya watu. Ninaona haya sana. Nisamehe kama utaweza, na usipoweza nitaelewa.

Kamyo ya mihogo ya Antoine inapita Runingu Alhamisi tarehe 19. Barabara bado iko wazi, leo. Antoine amekubali kukuweka mbele, na Pélagie amesema utalala kwake, kwa sharti umfungulie mchezo. Ukija, utagusa mashimo yote kabla ya kila zamu, na kama minye ndiye niko mbele yako, uguse mara mbili. Usipotaka kuja, sitakulaumu, na mstari ule nitauacha wazi. Lakini, Baba, ninakuomba jambo moja kwa heshima zote. Panda darini, ushushe ubao, umpe mkononi.

Nisalimie Mama, na umwambie mguu aukande kwa maji ya moto na asibebe kuni. Wasalimie wajomba wote waliokuwepo siku ile, nao pia wasomewe. Mwalimu Thaddée, asante kwa macho yako. Majirani wote wa Runingu, amani iwakae.

Sasa unaweza kufungua kitambaa. Zile za siku ile nilizitupa shambani, sikuthubutu kuziweka. Hizi nimeziomba kwa Pélagie, nimemweleza ni za nini, akazichagua mwenyewe kwa vidole. Ni mbili, zihesabu. Ni zako, za shimo la pembeni.

Ndimi kaka yako,

Ildephonse
sekretere, biro ya sité, Uvira