Sajini Hakuwahi Kusema "Tamu"

Jumanne, jioni. Eldoret.

Mvua ilianza saa nane na bado inanyesha, ile ya polepole isiyo na adabu, inayokuingia mpaka kwa soksi. Nimevaa sweta mbili. Chai imepoa hapa mezani na sina hamu nayo.

Leo nimeaibika. Nimeaibika hadi nimefika nyumbani nikapita kioo cha mlangoni bila kujitazama.

Wacha nianze mwanzo, maana nyinyi wachache mnaosoma hapa mnajua nusu tu, ile nusu ya kujigamba. Mwezi uliopita niliandika kwa madoido yote kwamba mimi, Chebet, mwalimu wa zamani, mwandishi wa michezo ya redio ambayo hakuna anayeikumbuka, nimepata filamu. Filamu yenyewe inatokana na *Kituo cha Mlimani*. Kama umri wako unaruhusu, unakikumbuka: kipindi cha polisi cha Jumamosi jioni, enzi za televisheni nyeusi na nyeupe. Sajini Lagat na koti lake refu, akifukuza wezi wa ng'ombe na madalali wa mahindi. Sajini hakuwa mtu wa kucheka. Akikutazama tu, unajikuta umekubali makosa hata ya jirani.

Kwetu Soy tulikuwa na televisheni ya betri ya gari. Ijumaa baba alikuwa anaibeba hiyo betri kwa baiskeli kuipeleka sokoni ichajiwe, na Jumamosi boma lilijaa watu hadi wengine wanachungulia dirishani. Baba alikuwa anaketi mbele kabisa. Sajini akimaliza kusema, baba anageukia watu na kuwaambia, "Huyo ni wa hapa kwetu," kana kwamba yeye ndiye alimzaa.

Sasa haki za kipindi zimenunuliwa na Hassan. Hassan ni kijana Msomali wa hapa mjini, familia yao ni ya malori, lakini yeye ugonjwa wake ni filamu. Akaniita kwake Elgon View, akanikaribisha chai ya maziwa ya ngamia, akaniambia anataka kukirudisha kipindi, lakini kama komedi. Watu wamechoka, akasema, wanataka kucheka. Sikusita hata kidogo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Na nikaandika. Wueh, niliandika! Wiki tatu, kurasa tisini.

Sasa niseme siri ya kurasa zenyewe. Kwa mnaosoma kutoka mbali: huku kwetu wazee wengi wa Kikalenjin wakizungumza Kiswahili, gari inakuwa kari, dereva anakuwa tereva, baba anakuwa papa. Hawafanyi makusudi. Ndivyo lugha ya mama inavyokaa mdomoni. Wachekeshaji wamekula kwa hiyo lafudhi miaka nenda miaka rudi, na mimi nikaona hata mimi nina sahani yangu. Mimi ni Mkalenjin, nani ataniuliza? Nikampa Sajini Lagat lafudhi hiyo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kichekesho kikubwa kiko kwenye ukurasa wa kumi na nne. Duka limevunjwa. Sajini anaingia na kurunzi, anaona damu sakafuni, anapiga kelele: "Kuna tamu hapa! Tamu nyingi!" Koplo wake anamuuliza, "Umeonja, afande?"

Hassan aliposoma hapo alishika ukuta. Alicheka mpaka machozi. Na mimi nikasimama pale nikijiona mtu wa maana sana.

Kulikuwa na jambo dogo la kupata baraka za Mzee Kimeli, yule aliyeigiza Sajini mwenyewe. Yuko hai, anafuga kuku na ng'ombe watatu Soy, si mbali na kwa baba. Nilimtembelea wiki mbili zilizopita. Akaniandalia mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, akaniuliza maswali mazuri ya mtu aliyefanya kazi hiyo: kamera ngapi, nani anaelekeza, tutapigia wapi. Halafu akauliza filamu ni ya namna gani.

Neno "komedi" lilikataa kutoka. Nikamwambia, "Ni ya kuchangamsha watu, Mzee."

Akafurahi. Akasema ni kweli, watu wamelala, wanahitaji kuchangamshwa, wizi umezidi. Nikaitikia kwa kichwa nikanywa mursik yangu. Nilijua kabisa alichoelewa. Nilijua na nikanyamaza, halafu nikamwalika aje asikilize waigizaji wakisoma.

Hiyo siku ilikuwa leo.

Tulikutana asubuhi kwenye kile chumba tunachokodi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Waigizaji sita, Hassan, mimi, na viti vya plastiki. Mzee Kimeli aliingia saa tatu kamili, suti ya kijivu, tai, kofia mkononi. Viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa, na nje ni matope matupu ya mvua ya jana. Kila mtu akasimama bila kuambiwa. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Brayo, yule mchekeshaji atakayeigiza Sajini, alimwinamia kabisa.

Wakaanza kusoma. Brayo ni hodari, siwezi kumnyima. "Tereva! Shuka kwa kari! Papa yako ni nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Mzee. Mwanzo alitabasamu, tabasamu la mgeni asiyetaka kuharibu shughuli ya watu. Akageuza skripti yake akatafuta mahali tulipo, akaweka kidole kwenye mstari, akafuata. Nikaona kidole kimesimama.

Hapo ningesimamisha kusoma. Ningesema tupumzike tunywe chai.  Badala yake nilijifanya natafuta kalamu kwa mkoba.

Tukafika ukurasa wa kumi na nne. "Kuna tamu hapa!" Kicheko. "Umeonja, afande?" Hassan akapiga meza.

Kicheko kilipoisha, Mzee Kimeli akainua mkono, kama mwanafunzi. Akaomba ruhusa aseme jambo. Sauti yake ni ileile ya televisheni, haijazeeka hata siku moja.

Akasema skripti za zamani zilikuwa zinatoka Nairobi kwa posta, Kiswahili kigumu, na yeye alikuwa karani tu wa ghala la mahindi. Aliogopa. Mke wake, Mama Salina, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Basi kila jioni Mama Salina alikuwa anamketisha jikoni na kumwekea kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Akisema "ta", karatasi itikisike. Akisema "da", itulie. "Pa" itikisike, "ba" itulie. Walifanya hivyo miezi minne kabla ya kipindi cha kwanza, na ng'ombe wamekamuliwa, na watoto wamelala njaa siku nyingine kwa sababu mwalimu hajamaliza na mwanafunzi wake.

"Miaka sita," akasema, "sikukosea hata mara moja. Mama Salina alikuwa anahesabu."

Halafu akachukua ule ukurasa wa kumi na nne, akauinua mbele ya mdomo wake, akasoma mstari wa Sajini. "Kuna damu hapa. Damu nyingi."

Karatasi ilitulia.

Hakuna aliyecheka. Brayo aliweka skripti yake chini taratibu. Mzee akakunja ukurasa mara mbili, akanirudishia mimi, si Hassan. Akasema jina la Sajini tulitumie tu, yeye hana neno, vijana wapate kazi. "Lakini huyu mliyemwandika, Chebet, si yule. Huyu ni nani?"

 Nikasema, "Ni mtu wa kubuni tu, Mzee." Akanitazama kidogo. Hakunilazimisha. Akavaa kofia, akasema ng'ombe wanamngoja, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Sikumsindikiza. Hata hilo sikulifanya, na nimelelewa na watu.

Nilimdanganya mara ya pili. Si mtu wa kubuni.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilijikata mguu kwa jembe tukipalilia mahindi, nikajikata vibaya. Baba alifungua kanga aliyokuwa amefungia chakula, akanifunga nayo mguu, akanibeba mgongoni akakimbia nami hadi zahanati. Ni mbali. Nakumbuka jasho lake na nakumbuka pumzi yake. Tulipofika akaanza kupiga kelele mlangoni: "Mtoto wangu anatoka tamu! Tamu nyingi! Saidieni!"

Karani aliyekuwa mezani akasema, "Umeonja, mzee?" Na benchi zima la wagonjwa likacheka.

Baba hakucheka. Aliendelea kusema neno lilelile, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hawajasikia. Na mimi huko mgongoni, mguu unavuja, nilificha uso wangu kwenye shati lake. Watu walidhani ni uchungu. Nilikuwa naona haya kuwa mtoto wake. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na leo naandika hapa.

Nilipoenda shule ya bweni nilihakikisha d yangu ni d na g yangu ni g. Nikawa yule msichana wa kutoa hotuba. Na miaka thelathini baadaye nikaichukua ile siku, nikajiondoa mimi, nikamwondolea baba hofu yake yote, nikabakisha karani. Koplo wangu ni yule karani. Nimempa hata maneno yake, sikubadilisha hata nukta.

Hassan alinipigia saa saba. Ni mtu mzuri, nataka nimtendee haki. Aliuliza kama Mzee ameumia sana, akasema tutampelekea zawadi. Halafu akasema, "Lakini, Chebet, usiguse ile ya damu. Filamu iko hapo." Anataka skripti Alhamisi. Nikiitoa lafudhi, alisema, ana mwandishi mwingine anayeweza kuiandika.

Sasa kuna kitu nimekigundua leo nikirudia karatasi zangu. Kwenye rasimu ya kwanza niliweka mwenye duka Msomali, na nikamchezea lafudhi naye, mistari mitano hivi. Hassan aliikata yote kwa kalamu nyekundu bila kuniambia neno. Pembeni ameandika "toa" tu. Niliona wakati ule, nikatoa, nikaendelea. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuwakinga wazee wake kwa kalamu tu. Mistari ya wazee wangu sikukata hata mmoja.

Nimekaa na hiyo simu ya Hassan hadi saa kumi na moja. Hii kazi nimeingoja maisha yangu yote ya utu uzima, sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Kuna wakati jioni hii nimejiambia ni kichekesho tu, Chebet, kila mtu anacheka, hata Wakalenjin wenyewe watacheka zaidi. Halafu nikaona nimpigie baba. Sijui nilitaka nini kwake. Ruhusa, nadhani. Nilitaka acheke ili niendelee.

Alikuwa ametoka kukamua. Sauti yake ilikuwa juu, kwa sababu nikimpigia katikati ya wiki anadhani kuna habari njema. Kabla sijasema kitu akanipa zake: amewaambia wazee wa kanisa kwamba Sajini anarudi na ni Chebet anamwandika, na siku ya kuonyesha filamu watakuja wote, wamekubaliana kuvaa suti. Akauliza kama kutakuwa na viti vya mbele.

Nikamwambia vitakuwepo. Nikamwambia nataka nimsomee kidogo.

"Soma, soma," akasema. Nikamsikia akimwambia mtu pale nje anyamaze.

Nikasoma. Sajini anaingia dukani. Kurunzi. Sakafu. "Kuna tamu hapa! Tamu nyingi!" Nikasoma vilevile kama nilivyoandika. "Umeonja, afande?"

Nikangoja.

Baba naye akangoja. Alidhani sijamaliza. Nikamwambia ni hapo tu, hapo ndipo watu wanacheka.

"Wanacheka?" Akafikiria. Nilimsikia akifikiria, anavyovuta pumzi kwa pua. "Lakini Sajini amesema vizuri. Ameona tamu, amesema kuna tamu. Huyo mwingine ndiye hana akili. Mtu aonje tamu ya mtu?"



"Chebet, uko? Hebu nieleze, mama, ili siku hiyo nisipitwe, wenzangu wataniuliza. Hapo wanacheka nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.