Tumbo la Mwenyekiti na Picha za Mzee Harlan

Fort Worth, Texas
Jumapili, 11 Novemba 2018. Asubuhi ya mawingu na manyunyu, upepo wa kaskazini.

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yake. Kikohozi kimekuachia? Mama ameniambia umeanza tena kulima mwenyewe shamba la viazi. Punguza, Baba. Mimi ni mzima. Kazi ipo, gari linawaka, na kwenye kanisa letu la Waswahili nimekabidhiwa daftari la mahudhurio, maana wamegundua ninavyopenda kuandika tarehe.

Barua yako niliipata. Umeniagiza nimkaripie Elia kwa picha aliyochora kwenye ukuta wa kinyozi: mwenyekiti wa kamati ya maji, tumbo lake limegeuka tangi, bomba linatokea kitovuni, na kina mama wamepanga ndoo tupu hadi barabarani. Umesema mdogo wangu hatakanyaga kwako mpaka aifute yote, kwa kuwa mwenyekiti ni baba yake wa ubatizo na mzee mwenzako wa kanisa. Sikukujibu kwa simu kwa sababu wewe mwenyewe husema simu ni ya salamu, jambo zito huandikwa. Nilichelewa pia kwa sababu sikujua niseme nini. Sasa najua, lakini nivumilie nianzie mbali.

Siku tatu kwa wiki namhudumia Mzee Harlan, mpiga chapa mstaafu aliyefiwa na mkewe. Macho yake yameingia kiza. Ana majarida ya miaka mia moja na zaidi iliyopita, yamejalidiwa, aliachiwa na baba yake. Yamejaa picha za kuwakejeli wanasiasa. Zilichongwa kwanza kwenye mbao ngumu, kinyumenyume, ndipo zikapakwa wino. Hata tembo na punda, nembo za vyama vikuu vya siasa vya huku, ananiambia, walipata umaarufu humo. Baada ya chakula cha mchana mimi hufunua kurasa na kumweleza ninachokiona.

Siku ya kwanza nilimwambia, “Namwona mheshimiwa mmoja, mtu wa makamo, mwenye afya njema. Amevaa vizuri na mifuko yake imejaa. Nadhani watu wanampenda.”

Alicheka mpaka nikamletea maji. “Afya njema! Binti, huyo ni mwizi! Mchoraji amemnenepesha makusudi, ili hata asiyejua kusoma ajue kodi yake imeliwa na nani.”

“Mimi nimelelewa nisimseme mtu mzima tumbo.”

“Basi hapa umeajiriwa kulisema.”

Tangu hapo nikawa nasema yote, pua, matumbo na vipara, naye anacheka. Baba, ungenisikia ungeona haya.

Jumanne iliyopita, siku ya kura huku, nilifika kwenye ukurasa wa watu weusi waliotoka utumwani, wameketi katika baraza la kutunga sheria. Midomo imevutwa kama ya samaki, macho yamewatoka, miguu isiyo na viatu iko juu ya meza. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja, nikaendelea na picha ya mbele.

“Umeruka,” akasema. Nilisahau kwamba huyu ni mpiga chapa. “Karatasi mbili zina mlio wake. Ni ile ya weusi barazani?”

Nikamjibu ndiyo.

“Baba yangu alikuwa akiwafunulia wageni hiyo. Nami nilicheka, utotoni na hata ukubwani. Tazama sahihi ya mchoraji pale pembeni.”

Nikarudi, nikatazama. Ilikuwa sahihi ileile ya aliyemchora mwizi. Mkono mmoja.

“Sasa niambie unachokiona,” akasema.

Nikamwambia, bila kuficha. Midomo, macho, miguu. Nikamwambia yule wa tatu kutoka kushoto ana paji la uso kama la baba yangu mzazi, mwalimu mstaafu. Kisha akasema, “Nisamehe, Naomi. Nimejua miaka yote kwamba mkono ni mmoja, na sikumwambia mtu.” Nikafunga kitabu, nikaenda kumpashia supu.

Niliporudi nyumbani niliifungua tena kwenye simu picha ya mchoro wa Elia aliyonitumia, safari hii nikaivuta karibu. Ndipo nikauona mguu. Unajua mwenyekiti aliugua polio utotoni. Elia ameuchora mguu ule kama kijiti kilichopinda, na mbwa kasimama kando anaucheka. Na mimi niliucheka, Baba. Shajara yangu inasema hivyo, tarehe 2 Oktoba.

Kwa hiyo sitamkaripia kama ulivyoagiza. Tumbo lile mwenyekiti amelijaza mwenyewe, na Mama bado anateka maji bondeni; hilo Elia hakulizua. Mguu ni jambo jingine. Mguu alipewa na ugonjwa. Jana nilimpigia nikamwambia aufute, amfute na mbwa, kisha aende kwa mwenyekiti akaombe radhi kwa ajili ya mguu tu.

“Dada, nikifuta mguu tangi litaanguka!”

“Mchoree mguu wa kawaida, kama kweli wewe ni fundi.”

Akacheka. Halafu akaniuliza, “Baba anakula vizuri?”

Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisani kwetu, anasafiri wiki hii. Elia ameahidi kuwa mguu na mbwa vitakuwa vimefutwa kabla ya mkesha wa Krismasi, na jioni hiyo atakuja kupiga hodi. Mama atakimbilia mlango, unamjua. Nakuomba, Baba, siku hiyo mwambie Mama akae. Uitikie wewe.

Nisalimie Shangazi anayemlaza Elia sebuleni kwake bila kulalamika, Bibi mzaa mama, na kitinda mimba wetu anayejiandaa na mtihani.

Binti yako akupendaye,
Naomi

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana nilizima taa saa nne, lakini usingizi ulinipata saa nane kasoro dakika kumi, nikiiwazia hodi hiyo.