Mpira wa Baiskeli

Salamabila, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Victorine,

Salamu nyingi, wewe na mama. Sisi tuko, ingawa mashimo ya dhahabu hayatoi kitu wiki hizi. Mguu unaendeleaje? Mwaka wa pili huu tangu kifutu akuume kwenye shamba la mpunga, nami nikufunge paja kwa mpira wa baiskeli, tukakimbia na pikipiki hadi Kasongo. Hapa wananicheka kwa kusimulia habari hiyo kila siku, lakini mtu akiumwa na nyoka wananiita mimi. Nimekwisha kufunga wawili kama nilivyokufunga wewe.

Kaka yako mkubwa, yaya Gérard

Lusangi, 19 Februari 2024

Yaya Gérard,

Tumeamka. Mama anakohoa, ila ulimi wake mzima, anakusalimu kwa matusi yake ya kawaida.

Yaya, nimekuficha jambo. Kila mara nilikuandikia kwamba mguu unapona. Hauponi. Kidonda kinafunga, kinafunguka tena. Unyayo unaburuta, vidole sivisikii. Mpunga ninaupalilia nimekaa chini. Daktari wa Kasongo aliniambia siku zile zile: sumu ilifanya yake, lakini mpira uliokaa saa saba ndio ulioua nyama ya mguu. "Huyu kaka yako asifunge tena mutu," alisema. Niliona haya kukuambia, maana ulilia njia nzima. Sasa naogopa. Utupe huo mpira. Mtu akiumwa, asitikise mguu, apelekwe upesi, basi.

Barua nampa Pitchou wa pikipiki. Mvua imebomoa daraja, atapita akiweza.

Mdogo wako, Victorine

Salamabila, 16 Machi 2024

Victorine,

Nawasalimu. Barua yako imenifikia jana. Siku nne kabla, binti yangu Esther-Divine aliumwa na nyoka akiteka maji. Nilimfunga kwa nguvu zangu zote, tangu asubuhi hadi jioni, kwa kuwa ni mwanangu. Nesi wa zahanati ndiye aliyeukata mpira, wala hakunitazama. Mguu umekuwa mweusi hadi gotini. Ana miaka tisa.

Nilikuwa nimeandika kwamba sikulaumu, nikafuta. Nakulaumu, na mimi najilaumu zaidi.

Mama usimwambie. Ila mimi usinifiche tena. Mtoto anauliza maumivu yataisha lini. Nimjibu nini?

Yaya wako, Gérard

Lusangi, 2 Aprili 2024

Yaya,

Mpe pole mwanetu. Una haki ya kunilaumu. Jumatatu Pitchou atanileta nikae na mtoto, nimwoshe kidonda, mimi najua kinavyooshwa.

Usimdanganye. Yangu hayajaisha.

Shangazi yake, Victorine