Nyumba kumi za Lindemuti

Mutembei, nimetoka ofisi ya ardhi sasa hivi.

Nilipeleka cheti cha ndoa niandikishwe kibanja alichoacha Klaudia. Binti wa pale akasoma, akanitazama. "Babu, huyu marehemu ni dada yako." Dada yangu. Mke niliyemzika mwezi uliopita.

Ni mambo ya wale wakubwa wa Operesheni Vijiji, walipotuhamishia vijijini. Balozi wetu wa nyumba kumi alijiita Lindemuti, jina la Mjerumani aliyepikiwa na baba yake. Mwaka 1974 akaziandika nyumba zote kumi kwa jina hilo, yangu na ya wakwe.

Binti akasema, "Basi lete shahidi asiye Lindemuti." Nikakutaja wewe, msimamizi wangu wa harusi. Akatafuta kwenye kompyuta, akacheka. "Huyu naye Lindemuti, babu."

Kaburi lake liko mlemle kibanjani, Mutembei, na wanasema ndoa ya ndugu ni batili, kibanja kinarudi kijijini.