Choo Kilichotaka Kumrudisha Mama Mkwe Mazingara

Korogwe, Jumapili jioni.

Mvua imekatika tangu mchana, na vyura wa mtoni wanapiga kelele kama wamealikwa. Viganja vyangu vina malengelenge na magoti yananiuma, lakini moyo umetulia.

Nyumba hii tuliyopewa walimu ilikuwa ya Mzungu wa mkonge kabla shamba halijataifishwa, ndiyo maana ina choo cha kukalia, tena ndani. Tulijiona tumebahatika. Ila choo chenyewe kilikuwa kinacheza. Skrubu za kukishika sakafuni zililiwa na kutu, nasi tukazoea kukikalia kwa hadhari, kama mtu aliyempanda punda asiyemjua.

Kisha akaja mama mkwe.

Ametoka kijijini kwao Mazingara kuja kutibiwa goti. Limevimba, halikunjiki, na choo cha shimo cha kwao kimekuwa mateso. Daktari amesema abaki hapa achomwe sindano mpaka uvimbe uishe. Mimi na yeye tunaheshimiana kama desturi yetu Wazigua inavyotaka: hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na salamu naitoa nikiwa nimeinamisha kichwa. Watu wa namna hiyo kuchangia choo kimoja!

Juzi nilikuwa sebuleni nakunywa chai. Nikasikia kishindo, kisha sauti yake: "Yalaa!"

Nikainuka. Nikakaa. Nikainuka tena. Mkwe wangu ameanguka chooni, nami siwezi hata kuuliza kuna nini.

Bahati mke wangu, Mwanaidi, alikuwa jikoni, akakimbia. Mama aliumia kiwiko tu. Lakini jana asubuhi Mwanaidi akanijia na uso mzito.

"Mama anataka kurudi kwao leo. Anasema nguruwe wanamaliza shamba."

"Mahindi yenyewe ndiyo kwanza yanaota. Nguruwe wanafuata nini?"

"Ni choo, Baba Asha. Anaona aibu. Anajua ulisikia."

Akiondoka na goti lile hatashika jembe tena, na kijijini kwao shamba la ujamaa halimsubiri mtu.

"Mwombe avumilie mpaka kesho," nikasema.

Nikaamua kukitengeneza choo, lakini saruji madukani hakuna. Nikaenda kwa jirani yetu Yakobo, anayefanya kazi karakana ya mkonge. Alikuwa na kopo moja lililobaki alipojengea kaburi la baba yake.

"Chukua," akasema. "Baba hatadai."

Akaja mwenyewe na bisibisi na skrubu za shaba. Tukafunga maji, tukakausha yaliyobaki kwa matambara, tukakiinua choo. Vipande vya mti vilivyoshika skrubu ndani ya sakafu vilikuwa vimeoza, vinatoka kama tope. Nikachonga vipya vya mvule, tukavigongomea kwenye matundu mpaka vikagoma kushuka. Tukatandaza saruji chini, tukakirudisha, tukaweka bakuli la maji juu yake kuangalia kama kimelala sawa. Skrubu nilizikaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, nikiogopa kukipasua. Kiungo cha bomba la nyuma tukakizungushia nyuzi za mkonge na kuzifunika kwa saruji.

Muda wote huo mama mkwe alikuwa chumba cha pili. Najua alisikiliza kila pigo la nyundo.

Tukakiacha kikauke. Sisi tukawa tunakwenda kwa Yakobo; mama, Mwanaidi akamwekea ndoo chumbani.

Leo mchana mama akaingia chooni. Nikajifanya natengeneza kiti uani. Muda ukapita. Mara sauti yake ikatoka kwenye kidirisha:

"Mkwe yuko hapo nje?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Kimetulia."

Miaka yote ya ndoa yetu, maneno yake hunifikia kwa kinywa cha binti yake. Leo yamekuja yenyewe, tena kupitia dirisha la choo.

Sikucheka. Nilicheka baadaye, nyuma ya banda la kuku, mpaka machozi yakanitoka.

Habari ya kuondoka imekwisha. Kesho ni siku ya sindano. Njiani kwenda hospitali nitatangulia mimi, yeye na Mwanaidi watafuata nyuma kwa mwendo wa goti lake. Nami nijitahidi kutembea polepole, bila kugeuka.