Makopo Mawili ya Unga Mweupe

Albertville, Kongo ya Wabelgiji
Tarehe 9 Februari 1956, asubuhi

Mpendwa kaka Sulemani,

Kabla ya salamu, mwite shemeji Fatouma umwambie asimpake Mosi ile poda niliyowapelekea kwa boti la Mzee Alfani mwezi uliopita. Kopo liwekwe mbali. Kisha ndipo uendelee kusoma.

Sasa salamu. U hali gani, kaka, na watu wa Kirando wako namna gani? Sisi hapa ni wazima, Mama anakusalimu, mvua ni nyingi. Mosi hajambo? Safari hii siulizi kwa desturi. Ngozi yake ina rangi gani? Ananyonya? Analia akishikwa?

Nitaeleza kwa utaratibu. Katika depo ya dawa ninakofanya ukarani nilichota poda mbili. Moja ni talki, ya mapaja ya Mosi yaliyochubuka, kama ulivyoniandikia. Ya pili ni asidi boriki, ambayo Mama aliiomba kwa ajili ya mende. Zote ni nyeupe, hazina harufu, na ukizisugua vidoleni zote huteleza. Nilizitia katika makopo mawili ya kakao yanayofanana. Kwa kuwa Mama hasomi, sikuandika kitu. Nilifunga uzi mweupe kwenye kopo la mtoto, na mwekundu kwenye la mende.

Mama ndiye aliyefunga mzigo wenu. Uzi mwekundu aliuona mzuri, akaufungua, akamtungia Mosi zile shanga za kiunoni zilizokuja na mzigo. Mweupe akaufungia mfuko wa dagaa. Hakuniambia, maana hakujua kwamba kuna la kuniambia; nimeyajua jana tu, nilipomwuliza nyuzi ziko wapi.

Wiki tatu sasa hunyunyiza poda yake kando ya ukuta wa jiko, na kila asubuhi anakuta alama za miguu ya mende ndani yake, wakienda na kurudi. Akanicheka: "Karani, hii dawa yako njo inawanenepesha. Uwaletee na chai." Nami nikacheka.

Usidhani unga huo wa asidi boriki ni uovu mtupu, kaka. Asili yake ni chumvi za maziwa ya maji yaliyokauka katika nchi za mbali. Chembe chache katika maji yaliyochemshwa huosha macho. Ndugu yake, boraksi, mafundi dhahabu huitia kwenye kiungo ili madini yashikane motoni. Hata chupa za maabara, zile zisizopasuka kwenye moto, zina kitu hichohicho ndani. Lakini ngozi ikiwa imechubuka, huingia mwilini kimya, siku baada ya siku, na mtoto mchanga hana nguvu ya kuutoa.

Juzi nilipeleka pamba hospitali. Nikaona mtoto mwekundu mwili mzima, kama aliyetolewa katika maji ya moto, ngozi ya viganja ikibanduka kama karatasi. Hakuna moto uliomgusa. Hakulia. Alinitazama tu. Firmin, muuguzi wa pale, aliniambia kwamba mama yake alimpaka unga wa kuoshea macho, akidhani ni poda. Hapo nikawakumbuka mende.

Firmin anasema ipo njia ya kujua: asidi boriki ikiwashwa ndani ya alkoli, moto hugeuka kijani. Atakuja hapa depo saa tatu. Nimebeba kopo la Mama. Huenda lenu ni talki kweli, nami nimewatisha bure. Naacha kalamu kwanza.

Nimerudi. Tulifunga madirisha ya stoo, tukaweka visahani viwili. Katika cha kwanza tulitia asidi boriki kutoka pipa la depo. Mwali ukasimama kijani, bila moshi, na nyuso zetu zikawa kama za watu waliozama ziwani. Firmin akasema, "Angalia mikono yako, karani. Ukikufa njo utafanana hivi." Kisha tukawasha poda ya Mama. Mwali ulibaki buluu na manjano mpaka alkoli ikaisha.

Basi, poda iwakayo kijani iko kwenu.

Mwogesheni Mosi kwa maji safi, mumpeleke kwa daktari leo hii. Mwonyesheni jina hili, nimelinakili kutoka kwenye pipa: ACIDE BORIQUE. Kopo lifukieni mbali na kisima. Kirando hakuna simu, la sivyo ningekwisha kupiga. Mama sijamwambia. Asubuhi hii nilimwacha akitunga shanga nyingine.

Msalimie shemeji Fatouma, shangazi Zaina, na jirani yenu Mama Bertille. Mungu aifikishe barua hii kabla mkono wa shemeji haujarudi koponi.

Mzee Alfani yuko mlangoni, boti linamngoja. Atarudi Jumanne. Kama Mosi yu mzima, kata ule uzi mwekundu kiunoni mwake, umpe Mzee aufunge mkononi. Nitakuwa bandarini tangu alfajiri, nikiutazama mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuomba msamaha,
Maliki