Lengelenge Chini ya Mlango

Baba,

Chini ya mlango wa kushoto wa lile gari la mbio, rangi imefura, padogo kama punje ya dengu. Kutu bado imo. Usipake rangi ya pili mpaka nirudi kutoka kwa shangazi nipasugue. ~~Au kaka Sherdil apasugue.~~ Hapana, ataharibu.

Roti zako, zile chapati za mchana, nimezifunga kwenye kitambaa.

Asubuhi mgeni alipapasa bodi akauliza, "Fundi, nani kailainisha hivi?" Ukamjibu, "Kijana wangu, Sherdil." Kaka, asiyejua kushika msasa, akasema, "Ni kazi ndogo tu." Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia. Ndiyo maana chai haikufika.

Gari hilo nimelisugua miaka mitatu. Mgeni akirudi Ijumaa, mwambie ni mimi.

Bintiyo,
Gulmina